Kutembea Siku Nne

Daftari nililitoa kabatini shuleni, moja la kurasa nyingi, nikijiambia nitalirudisha baada ya likizo. Bado ninalo. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa kalamu nyekundu, ileile ninayosahihishia kazi za watoto: MAMBO YA KUFANYA KABLA YA SAFARI. Namba moja, kumwambia mama. Namba mbili, pasipoti. Namba tatu, chanjo ya homa ya manjano na kadi yake. Namba nne, sweta. Wiki tatu baadaye kila namba ilikuwa na alama ya vema, hata sweta, ambalo nililipata kwenye mitumba na lilikuwa na picha ya theluji kifuani. Namba moja tu ndiyo ilikuwa imebaki tupu.

Safari yenyewe haikuwa ya kumtisha mtu mwenye akili timamu. Siku nne Nairobi, wakati wa likizo, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye Lindi, ambaye sasa ni nesi kwenye kituo cha afya hapa Kilwa Masoko. Tungekwenda Dar es Salaam kwa basi, tungepanda ndege, tungelala hotelini, tungetazama twiga kwenye ile mbuga iliyo ubavuni mwa jiji, tungekula, tungepiga picha, tungerudi. Wazo lilikuwa lake. Alikuja siku moja kibarazani kwetu akaninong'oneza, "Shoga, tutazeeka hatujapanda hata lifti." Nilicheka, naye kicheko kile akakihesabu kuwa nimekubali.

Nina miaka arobaini na nne na nimesafiri sana, lakini safari zangu zote zilikuwa na mwenyewe. Safari ya msiba mwenyewe ni marehemu. Ya harusi mwenyewe ni bi harusi. Ya semina mwenyewe ni afisa elimu, na ukichelewa unaandikiwa barua. Hii ya Nairobi haikuwa na mwenyewe ila mimi. Kama ningeibiwa, kama ningepotea, kama ndege ingefanya lolote, hakuna ambaye angesema maskini, alikuwa kwenye majukumu.

Lakini kilichonikosesha raha hasa ni neno moja, na neno hilo lilikuwa la baba.

Baba alikuwa muuza duka, mtu wa Kilwa hapahapa, mcheshi, mpenda shati lililonyooka. Miaka kumi na moja iliyopita alimwambia mama asubuhi moja, "Nakwenda kutembea Dar, siku nne tu." Mama alimfungia chapati, akamwambia asalimie watu. Alipiga simu kila siku. Kila siku alisema, "Mimi mzima." Siku ya tano simu ilipigwa kwa namba yake, sauti ikawa ya mtu mwingine. Siku zote hizo alikuwa amelazwa. Tumboni alikuwa na uvimbe aliouficha karibu mwaka mzima, na alirudi Kilwa ndani ya jeneza.

Mama hakuuliza sana kwa nini amekufa. Yeye ni mtu wa Nyangamara, amekulia kwenye mashamba ya korosho, kifo anakijua. Alichouliza, na alikiuliza miezi mingi, mara akiwa anachambua mchele, mara akiwa anafagia, ni kwa nini alisema kutembea. Tangu hapo neno hilo nyumbani kwetu halisemwi. Mimi nikitoka jioni kwenda kupunga upepo nasema nakwenda kwa fundi. Nadhani watu wanaamini nina nguo nyingi sana.

Kwa hiyo kila nilipofungua kinywa kumweleza mama, sentensi iliyokuja ilikuwa ileile ya baba, na idadi ya siku ileile. Nilimwuliza rafiki yangu kama hatuwezi kufanya siku tano. Akasema tiketi zimeshakatwa. Nikamwuliza tatu je? Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaoomba sindano badala ya vidonge.

Basi nikafanya lile ninaloliweza, nikakusanya ushauri. Nilimwambia kila mtu aniwekee siri, mama asijue, kisha nikamwuliza anajua nini kuhusu Nairobi. Fundi cherehani, ambaye kwa mara ya kwanza nilikwenda kwake kweli, alinishonea mfuko wa ndani ya gauni na kuniambia nisimtajie mtu saa njiani, kwa sababu anayeuliza saa anataka kuona simu. Mwalimu mwenzangu aliyesomea huko alinionya nisiseme "naomba" nikiwa mgahawani. "Wao wanasema nipe. Ukisema naomba, mhudumu atasubiri uendelee na hadithi ya shida zako." Mwalimu wa madrasa alinituliza kuhusu kibla, kwamba ni kaskazini kama hapa kwetu, nisijisumbue. Hicho ndicho kitu pekee katika daftari lote ambacho hakikunitia wasiwasi.

Nilijiunga pia na kundi moja la wasafiri kwenye simu. Kosa kubwa. Mmoja anasema usibebe chakula, mwingine anasema beba chakula maana huko bei ni moto. Mmoja anasema ndege ikitikisika tazama dirishani, mwingine anasema usithubutu. Mmoja akaandika kwamba masikio yake yaliziba Nairobi na hayakuzibuka mpaka Mwanza. Nilinakili yote. Nilikuwa na ukurasa wa uwanja wa ndege, ukurasa wa barabarani, ukurasa wa chakula, na mwishoni ukurasa ulioandikwa MENGINEYO, ambao ulijaa kuliko yote. Nilikuwa nikiusoma shuleni wakati wa mapumziko, kama mtoto aliyeambiwa mtihani ni kesho.

Ikabaki siku tano. Mama bado hajui.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo mtaani wananitania nalo. Bibi yangu wa Kilwa, mama yake baba, alitulea na adabu zake, na mojawapo ilikuwa kwamba mtu anayeondoka kwa safari kubwa haondoki na kinyongo cha mtu. Anapita kwa majirani, anaaga, anaomba radhi. Mimi ndege nilikuwa naiogopa, nasema kweli tupu, na niliona siwezi kupanda kule juu nikiwa na deni la neno baya kwa mtu yeyote. Nikapanga kuanza na majirani na kumalizia kwa mama, maana radhi ya mama ni kubwa na nilitaka niifikie nikiwa nimejizoeza.

Jirani yangu wa kulia anapika vitumbua. Nilimkuta yuko jikoni.

"Jirani," nikasema, "nimekuja kukuaga. Kama nimewahi kukukosea, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe."

Aliacha kumimina unga. "Unakwenda wapi, mwalimu?"

"Nairobi."

"Kufanya nini?"

"Kutembea tu. Siku nne."

"Na nani?"

"Na nesi," nikasema.

Kitumbua kiliungua pale chomboni na hakukitoa. Aliniambia, "Nimekusamehe, mwalimu. Wewe hujanikosea kitu. Mimi ndiye wa kuomba." Nikaona watu wana mioyo mizuri kuliko nilivyodhani, nikaenda nyumba ya pili.

Ya pili ilikuwa ya mwanamke ambaye mbuzi wake walikula mchicha wangu wote mwaka jana, na tulikuwa hatusalimiani. Nilipomaliza kusema yangu alinishika mikono yote miwili akaanza kulia. Kwa mchicha! Na mimi nikalia kidogo, maana machozi ya mtu yanaambukiza. Nyumba ya tatu walinikalisha, wakanisomea Fatiha.

Kosa langu nilielezwa baadaye na rafiki yangu, aliyeshika kichwa kwa mikono miwili. Mtaani kwetu watu wanaoaga kwa maneno yale ni wa aina mbili tu. Kuna wanaokwenda Makka, na kuna wanaokwenda kupasuliwa. Msimu wa hija ulikuwa umeshapita. "Na ukawaambia unakwenda na nani?" akaniuliza. Nikamwambia. "Yaani wewe," akasema, "kilichobaki ni kuwaambia sanda umenunua."

Lakini nilikuwa sijayajua hayo wakati narudi nyumbani jioni ile kabla ya magharibi. Nilikuta bakuli la uji wa pilipili manga mezani na chupa ya asali ambayo sikuijua. Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu. Daftari langu lilikuwa mapajani mwake, limefunguliwa ukurasa wa kwanza.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia marahaba. Mama yangu! Mtu ambaye huitikia hata redioni wakisalimu.

"Nimeletewa uji wa mgonjwa," akasema. "Nikauliza, mgonjwa nani? Wakadhani ninaficha. Wakaniambia nimwachie Mungu." Aliweka kidole kwenye namba moja. "Kumwambia mama. Kuniambia nini?"

Nilikuwa nimeifanyia sentensi hiyo mazoezi wiki tatu. Nikamwambia, "Nakwenda Nairobi, mama, na rafiki yangu. Tunakwenda..." Nikatafuta neno lingine. Kiswahili nimefundisha miaka ishirini, lakini neno lingine halikuja. "Kutembea," nikasema. "Siku nne."

Nilimwona akipokea neno lile. Uso haukubadilika, ila mikono ilianza kulilainisha daftari, kulilainisha, kana kwamba limekunjamana.

Nilimletea tiketi. Akasema tiketi hata baba yako alinionyesha. Nilimletea pasipoti. Akasema wanaokwenda kutibiwa India nao wanazo. Nikamwambia aje aongee na nesi kwa simu. Akasema, "Nesi ataficha. Ndiyo kazi yake." Nikamwambia basi siendi, naahirisha, nalala hapahapa. Nilisema kwa hasira, na nilikuwa nimewakasirikia kweli, mama na baba na majirani na uji wao. Hapo akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Ukiahirisha ndiyo utapona?" akauliza.

Nisipokwenda, mimi ni mgonjwa aliyekosa nauli ya matibabu. Nikienda, mimi ni baba.

Mama aliinuka akafunga mlango, akafungua dirisha mpaka mwisho ili mwanga wote uingie. "Vua," akasema.

"Mama!"

"Nimekuzaa mimi. Nnakuambia vua."

Nilivua blauzi, nikabaki na kanga kiunoni. Mtu mzima, mwalimu, nimesimama kama mtoto anayesubiri kuogeshwa. Mama alianzia shingoni. Vidole vyake vilikuwa vigumu na vilinukia moshi wa korosho alizokuwa amezikaanga mchana. Alipita nyuma ya masikio, chini ya taya, kwapani, upande mmoja kisha wa pili. Hakuwa na haraka. Alifika kwenye kovu la begani nililolipata utotoni, nilipoangukia kibao cha mbuzi, akalipapasa akalipita. Akanishika matiti, chini na juu, akibonyeza polepole na macho ameyafumba.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Wiki zote zile nilikuwa nimeogopa vitu vya daftarini, wezi, masikio, mkanda wa kiti. Sasa nilikuwa nahofia vidole vya mama visije vikasimama mahali. Kila vilipopunguza mwendo, nilijiuliza nimekonda lini, ule uchovu wa mwezi wa tatu ulikuwa wa nini, kwa nini sijawahi kupima. Nilikuwa mzima nilipoingia chumbani mle, na kabla hajafika tumboni nilikuwa na magonjwa matatu.

Tumboni alikaa sana. Alinilaza kitandani, akabonyeza kila mahali, akaweka sikio kana kwamba kuna mtu ndani. Halafu akaketi, akanifunika na kanga.

"Hamna kitu," akasema. Na baada ya muda, "Baba yako alianza kulala na shati. Joto lote la Kilwa, yeye na shati. Nikimwambia vua, anacheka. Nikitaka kumkanda mgongo, anasema amechoka. Hakuniachia nimtazame hata siku moja."

Sikujua hilo. Nilifikiri nimeijua habari ya baba yote, lakini la shati sikuwahi kusikia. Miaka kumi na moja mama alikuwa halii kwa sababu ya uvimbe. Alikuwa analia kwa sababu ya vifungo vya shati. Nilimshika mkono, nikaubusu kama tunavyofanya Idi, na tukalia wote, safari hii kwa sababu inayoeleweka.

Kisha akafuta uso kwa pindo la kanga, akataka kalamu. Akanirudishia, akaniambia niandike na ushauri wake, "maana naona umewauliza watu wote ila mimi." Nikafungua ukurasa wa MENGINEYO.

"Ukifika usinipigie kuniambia wewe mzima. Mzima sitaki kuisikia. Baba yako alikuwa mzima kila siku." Akangoja nimalize kuandika. "Nitajie umekula nini. Kila siku. Mtu aliyelala hospitali hawezi kunitungia chakula, nitamjua."

Niliandika. Mama ana simu ya kitochi, picha haipokei, kwa hiyo sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha nilipo. Kesho yake alipita nyumba zile tatu kuwaeleza kwamba binti yake si mgonjwa, na kila nyumba ilimwitikia kwa huruma kubwa. Uji ukaendelea kuja mpaka siku ya safari. Rafiki yangu akawa anakuja kuunywa.

Tuliondoka alfajiri. Basi liliposimama Somanga nikanunua samaki wa kukaanga nikashindwa kumla. Uwanja wa ndege nilifuata daftari neno kwa neno na bado nilisimamishwa, kwa sababu ya mfuko wa korosho ambao mama alikuwa ameuzungushia nyaya za kufungia mpaka mashine ikauona kama bomu. Ndani ya ndege nilishika mkono wa rafiki yangu toka Dar mpaka mawinguni, nikasoma kila dua ninayoijua, na nyingine za kuingilia chooni nazo nikazisoma. Ilitikisika. Sikutazama dirishani, kisha nikatazama, kisha nikajuta. Masikio yaliziba yakazibuka yenyewe.

Nairobi ilikuwa na baridi, kama walivyosema. Nilivaa theluji yangu kifuani. Tulipanda lifti, rafiki yangu akabonyeza namba zote kwa makosa, tukasimama kila ghorofa, milango ikifunguka na watu wakitutazama. Nilikumbatia mkoba kwa mbele kama mjamzito. Mtu aliniuliza saa nikamkimbia, na nina hakika alikuwa anataka saa tu.

Mchana tuliingia mgahawa mdogo karibu na hoteli. Mhudumu alikuja, nikakumbuka daftari. "Nipe wali na maharage," nikasema, na masikio yakawaka kwa aibu kama nimemtukana. Hakujali. Akaleta. Nilikula nusu, nikatoka mlangoni penye kelele za magari na kumpigia mama. Nilikuwa na hofu ya ajabu, mimi ambaye sikuwa na cha kuficha. Nilihofia sauti yangu itatoka kama ya baba.

"Haya," mama akasema. Hakusalimu.

"Nimekula wali na maharage."

"Maharage ya nazi?"

"Hapana, mama. Wamekaanga nyanya na kitunguu. Na karoti."

"Karoti? Nazi wakatia mwishoni."

"Hawakutia. Hawatii."

"Hata tui jepesi?"

"Hata jepesi. Hata wali hawakutia nazi. Ni mchele na maji, mama, na mafuta. Nimemwuliza mhudumu, akaniuliza nazi ya kazi gani."

Upande wa pili nikasikia jogoo wa jirani, na sauti ya mtu akiuliza nyuma anasemaje, anasemaje mgonjwa.

"Wali mkavu na maharage makavu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa inacheka au inalia, simu ile haisemi vizuri. "Hospitali gani ya Dar wangempa mtu hivyo? Basi kweli, mwanangu. Kweli umekwenda kutembea."